Kilima cha Lindi hakitaki greda

Anayepata kiwanja cha mlimani Lindi, kule Mtanda ambako ghuba yote iko machoni, huanza kwa kutafuta greda. Anakata, anasawazisha, kisha anasimamisha nyumba ya mapumziko ambayo ingekaa vilevile Mbagala. Hela ya mlima imekwenda bure.

Frank Lloyd Wright, msanifu majengo wa Marekani, alipojenga Taliesin, nyumba yake huko Wisconsin, mwaka 1911, hakupanda kileleni. Aliikalisha nyumba ubavuni, kilima kikabaki kilima.

Hesabu yake si ngumu. Ardhi ikishuka mita 1 kwa kila mita 5, nyumba yenye kina cha mita 12 ina mteremko wa mita 2.4. Ukisawazisha yote, nyuma unachimba mita 1.2 na mbele unajaza mita 1.2. Udongo wa kujaza hutitia kuliko wa asili, na ufa hutokea pale unapokutana na wa asili. Sasa gawa sakafu hiyo mara tatu, mita 4 kila moja. Kutoka moja hadi nyingine unashuka sentimita 80, yaani vipandio 5 vya sentimita 16, na kuchimba hakuzidi sentimita 40. Vyumba juu, sebule katikati, baraza chini. Mkorosho uliokuwepo uachwe hapohapo. Msingi nao ushuke kwa ngazi, wote ukikalia udongo usioguswa.

Ukuta wa kuzuia udongo mara nyingi huangushwa na maji yaliyokosa pa kutokea. Pitisha bomba za inchi 3 kila mita 1.5, jaza kokoto nyuma yake, na uchimbe mfereji wa kukinga maji upande wa juu kabla hata ya msingi. Fundi atalalamika kwamba matundu yanaharibu sura ya ukuta. Yaharibu tu.

Roshani isiyo na nguzo ndiyo inayotuponza zaidi. Ikielemewa, upande unaovutwa ni wa juu, kwa hiyo nondo kuu hukaa juu. Mafundi huziweka chini kwa mazoea, au huzipanga vizuri halafu wabeba zege wakazikanyaga zikalala. Zege likishakauka, huoni kitu. Kwa roshani ya mita 1.5, nondo hizo ziingie ndani ya nyumba mita 2.25 au zaidi. Unene na idadi ni kazi ya mhandisi. Mirunda itolewe kuanzia nchani kuja ukutani. Hata Fallingwater, nyumba ya Wright iliyo juu ya maporomoko ya maji, pamoja na sifa zake zote, roshani zilianza kuinama mapema, na mwaka 2002 zikaimarishwa kwa nyaya za chuma zilizokazwa.

Mchanga wa ufukweni usiuguse: chumvi yake hula nondo.

Halafu vioo. Ghuba iko mashariki, na jua la asubuhi huingia limelala, chini ya upenu hata uwe mrefu vipi. Kioo cha sakafu hadi dari kitafanya sebule tanuri ifikapo saa mbili. Weka mbao za kusimama wima upande huo, na madirisha makubwa yafungukie kusini-mashariki, upepo wa kusi upite.