Miwani ya Baba Mkubwa

Baba mkubwa alipostaafu ualimu, kikao cha familia kilinipa kazi ya kutengeneza kijitabu cha sherehe. Eti mimi ndiye "mtu wa kompyuta". Kurasa nane, picha sita, kila moja upana wa sentimita 8.

Nikaandika kwenye LibreOffice, programu ya kuandikia, nikaingiza picha za simu, nikazivuta pembe kwa kipanya mpaka zikawa ndogo. Nilidhani nimezipunguza kweli. Kumbe nilichopunguza ni umbo la machoni tu: kila picha bado ilikuwa na vinukta (pikseli) 4000 kwa 3000, yaani milioni 12, vyote vimejibanza humo kama abiria wa daladala.

Wakati wa kutoa PDF likafunguka dirisha la mipangilio. Nikaona chaguo la kubana picha bila kupoteza chochote. Nani anataka kumpoteza baba mkubwa? Nikalichagua, nikaondoa na tiki ya kupunguza vinukta. Faili likatoka na MB 97. Nikalitupa kwenye kundi la familia.

Dakika kumi baadaye mama mdogo akaandika: "Nani kanimalizia bando la wiki?"

Kwa aibu nikageukia upande wa pili. Nikachagua JPEG, ubanaji unaotupa sehemu ya picha, ubora wake nikaushusha hadi asilimia 10, vinukta 75 kwa inchi. KB 64! Nikalifungua kwenye simu, kwenye kioo kidogo kile picha zikanikonyeza vizuri tu. Nikalipeleka stesheni, duka la kuchapia, nakala 60.

Sasa piga hesabu: sentimita 8 kwa vinukta 75 kwa inchi ni vinukta 236 kwa upana mzima wa picha. Kutoka 4000! Kwenye karatasi, baba mkubwa alikuwa kajengwa kwa matofali. Cheti chake cha utumishi, nilichokipiga picha, kilisomeka kama sisimizi waliomwagiwa chai.

Ukumbini akafungua ukurasa wa kwanza. Akavua miwani. Akaifuta kwa pindo la kanzu, akaivaa, akasogeza kijitabu mbali, akakirudisha karibu na pua. Akamgeukia bibi.

"Mama, huyu unamwona nani?"

"Si marehemu mjomba wako?"

Mimi nilikuwa nimeinamia pilau.

Usiku ule nikatoa faili upya: ubora 90, vinukta 300 kwa inchi. MB moja na ushee, picha safi. Na hivyo ndivyo programu yenyewe ilivyokuwa imejipanga kabla sijatia vidole vyangu.

Nikachapa nakala moja, keshokutwa yake nikampelekea. Nikamkuta barazani, usoni miwani mpya inang'aa. Akafungua, akatazama picha kwa muda mrefu, akatabasamu.

"Unaona, mwanangu? Daktari alisema ya zamani haina kitu, lakini hii hata vifungo vya kanzu navihesabu."

"Imekupendeza, baba mkubwa," nikasema. Sikuuliza bei.