Barua ya Kiwanda Haifiki Ngamiani

Bahasha ilikuja pamoja na bili ya umeme na matangazo ya duka la samani. Niliiweka juu ya friji siku tatu nikidhani ni watu wa bima wanatafuta wateja. Siku niliyoifungua nikakuta kiwanda kilichounda gari langu kinakiri kwamba injini yake ina kasoro tangu ilipotoka kwao. Walipokuwa wanachonga krenkishafti, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, chembechembe za chuma zilibaki ndani, hazikusafishwa zote. Zikitembea na oili zinaziba njia inayopeleka oili kwenye beringi za konrodi, vyuma vinavyounganisha pistoni na krenkishafti. Beringi zinakauka, zinasagika, injini inaanza kugonga, na mwisho wake inaweza kuzima katikati ya barabara au kushika moto. Lete gari tulipime, barua ilisema. Likiwa limeathirika tutaweka injini nyingine, na wewe hulipi kitu.

Hapo kwenye "hulipi kitu" nilisoma mara tatu. Nina miaka tisa Houston sasa, lakini akili yangu ya magari ilijengwa Tanga, na Tanga injini ikifa analipa mwenye gari. Halafu anatafutwa wa kulaumiwa, naye hakosekani: dereva amelikimbiza sana, fundi kaweka oili feki, muuza spea mwizi. Sijawahi kusikia mtu wa kwetu akisema kiwanda kilikosea. Kiwanda kipo Japani, kitakoseaje?

Gari langu lilikuwa limeshaanza kuugua. Asubuhi nikiliwasha lilitoa mlio wa ko-ko-ko ambao likipata moto kidogo unapungua, halafu nikikanyaga mafuta unarudi. Niliurekodi kwenye simu nikamtumia ami yangu, mdogo wake baba, ambaye ana gereji Ngamiani, huko Tanga, tangu mimi sijaanza shule. Jibu lake la sauti lilikuja kabla sijamaliza chai. "Mwanangu, hiyo si tapeti. Tapeti hulia juu, tena nyepesi. Hiyo yatoka chini. Konrodi hiyo. Zima, na usiende nalo popote."

Wakala wa kiwanda alihitaji siku tatu na mashine yenye waya kufika pale alipofika ami kwa kusikiliza nusu dakika, bahari mbili mbali. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wengi tulioko nje tukilinganisha tunaanza na mafundi. Tunasema huku kuna utaalamu na kule kuna kubahatisha. Mimi sikubali. Mikono ya Ngamiani naijua, na masikio yake nayajua.

Wala huku mambo hayakuwa laini. Wakala alitaka kwanza risiti zote za kumwaga oili tangu nilinunue gari, kana kwamba kosa la kiwanda linahitaji ushahidi wa usafi wangu. Nikamwonyesha barua: hakuna mstari unaotaja risiti. Tukavutana. Injini ilichukua wiki sita kufika, na gari la kutumia wakati huo sikupewa mpaka nilipopiga simu makao makuu yao. Lakini mwisho wa yote waliitoa injini mbovu, wakafunga nyingine, wakanipa karatasi ya bili ambayo pale penye jumla pameandikwa sifuri.

Hawakufanya hivyo kwa huruma. Marekani ilitunga sheria ya usalama wa magari mwaka 1966, na kutokana nayo kiwanda kikishabaini kasoro ya usalama kina siku tano za kazi kuitaarifu mamlaka ya usalama barabarani, kisha kimwandikie kila mwenye gari na kulitengeneza bure. Anwani yangu waliipata wapi? Kwenye usajili wa gari wa jimbo. Kila gari la huku lina namba yenye tarakimu na herufi 17. Namba inaonyesha mwenyewe, mwenyewe ana anwani, barua inatumwa. Utaratibu ndio huo tu. Na hata wakiwa na sheria hiyo, wapo waliojaribu kuficha. General Motors walijua kwa miaka kwamba swichi ya kuwashia kwenye baadhi ya magari yao madogo inaweza kujizima safarini na kuzuia mifuko ya hewa, ile inayomkinga mtu gari likigonga, isifunguke. Magari yaliitwa yarudi kutengenezwa mwaka 2014, mfuko wao wa fidia ukathibitisha vifo 124, na mwaka 2015 kampuni ikakubali kulipa dola milioni 900. Kwa hiyo sisemi kwamba huku kuna viwanda vya malaika. Nasema mtu anayedanganyika huku ana mahali pa kushika.

Sasa niende Tanga.

Shemeji yangu, mume wa dada, anauza vifaa vya umeme. Alinunua gari la Japani kwenye yadi, mtumba kama karibu magari yote yetu, na wiki moja kabla ya yaliyotokea alikuwa amelipeleka kwa ami kubadilisha oili na plagi. Alikuwa anatoka Segera, amepita Muheza na wauza machungwa wa pembeni ya barabara, akasikia kishindo kimoja kama jiwe limepiga chini. Injini ikazima. Usukani ukawa mzito papo hapo, breki zikaanza kuwa ngumu, na nyuma yake kulikuwa na lori. Alifanikiwa kuingia pembeni. Dada alikuwa kiti cha mbele na mtoto amempakata.

Ami alipofungua alikuta springi moja ya valvu imekatika vipande viwili. Valvu ilikuwa imedondokea ndani na pistoni imeigonga mpaka ikatoboka. Akaziweka springi zilizobaki kwenye kiganja, akazigeuza, akamwambia shemeji, "Hii imekatika yenyewe. Chuma chake ni kibovu." Shemeji hakuamini. Nani angeamini? Gari limetoka mkononi mwako wiki iliyopita, leo injini imekufa, halafu waniambia chuma cha Mjapani ni kibovu. Injini ya mtumba, pamoja na kuifunga kwa fundi mwingine, ilimgharimu shilingi 2,300,000. Pesa ile iliuma, ila kilichotuumiza zaidi ni kwamba Idd iliyofuata shemeji hakwenda kumpa ami mkono. Na ami, mtu aliyemshika dada mkono siku ya harusi yake kwa niaba ya baba aliyekwisha kufa, akaanza kusikia mtaani kwamba anaua injini za watu. Wateja wawili wa zamani walihamisha magari yao. Alinisimulia kwenye simu kwa sauti ya chini, hakumtaja shemeji kwa jina hata mara moja.

Mimi nilikuwa Houston na barua yangu mkononi, nikaanza kujiuliza jambo ambalo bado linanisumbua. Magari haya yanapopanda meli kuja kwetu, wito wa kiwanda unabaki wapi?

Chukua mifuko ya hewa ya kampuni ya Kijapani Takata, kwa kuwa ndiyo habari kubwa kuliko zote za aina hii. Ndani yake walitumia amonia naitreti kama baruti ya kufungulia mfuko. Joto na unyevu wa miaka mingi huiharibu, na siku ya ajali hulipuka kwa nguvu kupita kiasi, kikopo cha chuma kinapasuka na vipande vyake vinamrukia aliyekaa mbele. Marekani peke yake viliitwa vikopo vipatavyo milioni 67. Mwaka 2017 kampuni ilikiri kosa mahakamani, ikakubali kulipa dola bilioni moja, na mwaka huohuo ikafilisika. Sasa angalia walivyopanga foleni: majimbo ya joto na unyevu yaliwekwa mbele, Florida, Louisiana, na Texas hii ninayoishi, kwa sababu huko ndiko baruti inakoharibika upesi. Mtu wa Tanga anayejua shati linavyoganda mgongoni saa nne asubuhi mwezi wa pili hahitaji mwalimu hapo. Kama hali ya hewa ndiyo inayopanga foleni, sisi wa pwani tulitakiwa kuwa mbele kabisa.

Na usiniambie haiwezekani kwa sababu magari yetu ni mitumba. New Zealand nao wanaendesha kushoto kama sisi na wananunua mitumba kwa wingi kutoka Japani kama sisi. Mwaka 2018 serikali yao ililazimisha magari yenye mifuko ya Takata ya aina hatari zaidi, kama 50,000, yarudishwe na kutengenezwa, na mitumba iliyoingizwa kutoka Japani ikahesabiwa humohumo. Hawakusema mwenye gari alijinunulia mwenyewe basi shauri yake.

Kwetu TRA, mamlaka ya mapato, ndio wanaosajili magari. Namba ya chesisi wanayo, jina la mwenyewe wanalo, TIN yake, namba ya mlipakodi, wanayo. TBS, shirika la viwango, wapo kwa ajili ya ubora wa vitu vinavyoingia. Tume ya Ushindani ipo, imeundwa kwa sheria ya mwaka 2003, na kumlinda mlaji ni sehemu ya kazi yake. Kazi iliyobaki ni kuzikutanisha orodha za wito za Japani na orodha ya chesisi zilizosajiliwa, halafu mtu atumiwe ujumbe kwenye simu. Na kila gari linapoingia bandarini, namba yake iangaliwe kabla ya kadi kutoka. Kama kuna wito haujatekelezwa, aliyeleta gari abebe mzigo huo, asiutwishe mnunuzi ambaye hata hajui kwamba upo. Yadi zinaosha magari mpaka matairi yanang'aa. Kuandika namba moja kwenye ukurasa wa intaneti hakuwezi kuwashinda.

Mwezi wa saba nilirudi nyumbani wiki tatu. Usiku mmoja baada ya isha tulikuwa barazani kwa dada, Makorora, na birika la kahawa na kashata kwenye sahani. Nikamwomba shemeji kadi ya gari. Akaileta, akaimulika kwa simu, akanisomea namba ya chesisi herufi kwa herufi huku nikiandika. Magari yaliyoundwa kwa soko la Japani hayana ile namba ya 17; yana herufi chache, kistari, kisha tarakimu. Ukurasa wa Wamarekani unaikataa. Inabidi uende kwenye ukurasa wa Kijapani wa kiwanda chenyewe, na tulipofika huko ilikuwa maandishi yao matupu. Nikachukua simu ya dada, nikaielekeza kamera yake kwenye skrini yangu, maneno yakaanza kugeuka moja moja.

Springi za valvu. Uchafu ndani ya chuma wakati wa kutengenezwa. Zinaweza kukatika, na injini kuzima gari likiwa safarini. Tarehe ya wito ilikuwa miaka miwili kabla ya ile iliyoandikwa kwenye karatasi za meli. Chini kabisa, kwenye kisanduku cha kuonyesha kama gari hili limeshatengenezwa, lilikuwa neno moja: bado.

Dada ndiye aliyesema kwanza. "Faini ya trafiki mbona inatufikia? Ukiandika namba ya gari tu inatokea, na tarehe, na mahali ulipokosea. Hii iliyotaka kutuua mimi na mwanangu imeshindwaje kutufikia?"

Shemeji hakusema. Alichukua simu kutoka mkononi mwangu, akarudi juu, akasoma tena polepole, kidole kikifuata mistari. Kahawa yake ilipoa. Halafu akaikunja kadi ya gari, akaitia mfuko wa shati.

"Shemeji," akaniuliza, "ami yako saa hizi atakuwa bado hajalala?"

Dada alikuwa ameshaingia ndani kuchukua mtandio wake.