Nondo aliyeiokoa Australia hakustahili kupelekwa Nevis

Kila mtetezi wa kutumia wadudu dhidi ya magugu huitaja Australia, na ana haki. Kufikia 1925 mipungate, ile kaktasi yenye mashina bapa, ilikuwa imetapakaa kwenye takriban hekta milioni 24 za Queensland na New South Wales, na wakulima walikuwa wakiyahama mashamba. Mwaka huo mayai ya nondo aitwaye Cactoblastis cactorum yaliletwa kutoka Argentina. Kufikia miaka ya mwanzo ya 1930, sehemu kubwa ya mipungate ile ilikuwa imeoza. Wakazi wa Boonarga, Queensland, walijenga hata ukumbi wa kumuenzi nondo huyo.

Nami namstaajabia. Jike hupanga mayai 70 hadi 90 yakashikana, yakafanana na mwiba wa mpungate wenyewe. Viwavi, wekundu wa machungwa wenye mabaka meusi, hutoboa shina kwa pamoja. Kiwavi mchanga akiwa peke yake angezidiwa na ute wa mmea; kundi zima hupenya, likala nyama ya ndani hadi kubaki ngozi tupu, kisha likahamia shina jingine.

Lakini Australia haikuwa na mpungate wa asili hata mmoja. Jambo hilo ndilo lililobeba ushindi wote, na ndilo lililopuuzwa nondo huyu alipoachiliwa Nevis, kisiwa cha Karibi, mwaka 1957. Karibi ni nyumbani kwa mipungate. Iliyoshambuliwa pale ilikuwa mimea ya kwao, iliyoshamiri kwa sababu malisho yalikuwa yamechoshwa na mifugo. Badala ya kupunguza mifugo, wakaleta mlaji.

Nondo haombi ruhusa ya kuvuka bahari. Mwaka 1989 alionekana Florida, kwenye mipungate adimu iliyokuwa tayari ukingoni mwa kutoweka. Mwaka 2006 akafika kisiwa cha Isla Mujeres, Mexico, nchi yenye spishi nyingi za mipungate, inayoila, inayolishia mifugo, na iliyoiweka kwenye bendera yake. Wamexico walifanikiwa kumtokomeza visiwani, kwa kung'oa mimea iliyoshambuliwa na kutega mitego, lakini gharama ya uamuzi wa Nevis waliilipa watu ambao hawakuulizwa.

Sipingi kutumia wadudu. Napinga kisiwa kimoja kuamua peke yake. Kabla ya kumwachilia mdudu wa aina hii, kila nchi anakoweza kufika na kukuta chakula chake iulizwe, na jibu lake la hapana liwe na nguvu ya kuzuia.