Bushi ya unga ina kesi ya kujibu?

Peleka stata ya lori kwa mafundi wa Mwanjelwa, Mbeya, ununue bushi mpya ya shaba, yaani ile pete ambamo shafti huzungukia, nyepesi kidogo mkononi, utasikia: "Hii ya unga, feki. Kachongeshe nyingine." Wanaosema hivyo wana ushahidi wao: wameziona zikipasuka kwa nyundo, na nyingine zikilika upesi kuliko ya zamani.

Kwamba ni ya unga, ni kweli. Unga wa shaba na bati, kwa kawaida asilimia 90 kwa 10, hushindiliwa kwenye kalibu kwa presha kubwa, kisha huokwa katika joto la nyuzi 800 hivi, ambalo shaba yenyewe haiyeyuki. Chembe hushikana pale zinapogusana, na kati yake hubaki vitundu ambavyo ni kama moja ya tano ya bushi nzima, hata robo.

Ugomvi wote uko kwenye robo hiyo. Fundi anaiona ni upungufu, kumbe kiwanda kimeiacha makusudi kikaijaza oili. Shafti ikizunguka na kupata joto, oili hutoka kuilainisha; ikisimama ikapoa, oili hunywewa tena ndani. Ndiyo maana utaikuta kwenye stata na feni, mahali ambapo hakuna atakayekumbuka kupeleka grisi.

Sasa tazama inavyopokelewa gereji. Inaoshwa kwa petroli, oili yote inaondoka. Ikibana, inapigwa msasa mpaka vitundu vinazibika, halafu inapakwa grisi inayoziba vilivyosalia. Ikilika ndani ya miezi miwili, unga ndio unaolaumiwa! Mafundi wa zamani wa umeme wa magari walikuwa na mtindo wao: ziba tundu la chini kwa kidole, jaza oili, kandamiza juu kwa dole gumba, na baada ya muda ukuta wa nje unatoka jasho la oili. Bushi iliyochongwa kwa shaba nzima isiyo na vitundu haitoi hilo jasho hata ukandamize mpaka jioni.

Mkerezaji, yule anayechonga bushi kwa mashine, naye ana hoja. Pawatila (trekta dogo la mkono) ya Mbarali inayopigwa na matope na mizigo, ikizunguka polepole, inahitaji shaba nzima na grisi; vitundu vinapunguza nguvu, na mwendo mdogo hauivuti oili vizuri. Tena kalibu ni ghali, hulipa kwa maelfu ya vipande, ilhali yeye anakuchongea kimoja leo leo.

Kwa stata, hata hivyo, ningenunua ya unga, ila ningeangalia ilivyohifadhiwa. Iliyokaa muda mrefu uchi kwenye boksi la karatasi, mafuta yake yameshanyonywa na boksi. Hiyo ilale kwanza kwenye oili ya injini.