Chaza wakubwa: vitotoleo kwanza, au maji safi kwanza?

Wazo la kuzalisha chaza wakubwa katika matangi ya vitotoleo na kuwapandikiza kwenye miamba ya matumbawe linastahili kusikilizwa kwa makini Nairobi, ambako sera na bajeti za pwani hupitishwa. Wanaolipinga wanasema fedha chache zilizopo ziende kwanza kuilinda miamba yenyewe. Pande zote mbili zina hoja nzito, ila uzito wake hauwezi kupimwa bila kumfahamu kiumbe anayezungumziwa.

Pwani ya Kenya haina Tridacna gigas, lile jitu la Pasifiki linaloweza kuzidi urefu wa mita 1 na uzito wa kilo 200. Tulio nao ni jamaa zake wadogo, hasa Tridacna maxima na Tridacna squamosa, ambao kwa kawaida hawazidi sentimita 40. Maisha yao yote yanategemea mwanga. Katika joho, yaani ile nyama ya rangi inayotandazwa nje kombe zinapofunguka, huishi mamilioni ya mwani wa seli moja, ambao hutengeneza sukari kwa usanisinuru na kumgawia mwenyeji wao, naye huwapa hifadhi, kaboni na naitrojeni inayotokana na taka za mwili wake. Hata zile rangi za buluu na kijani zinazowavutia wapiga mbizi hutoka kwenye seli maalumu zinazoakisi na kutawanya mwanga ili uufikie mwani vizuri zaidi. Chaza huchuja pia chembe za chakula majini, lakini hilo pekee halimtoshi, na kwa hiyo hukaa kwenye maji maangavu ya kina kifupi, mahali ambapo mchokoaji wa pweza humfikia kwa miguu maji yanapokupwa wakati wa bamvua.

Hapo ndipo watetezi wa ufugaji wanapoanzia. Mnyama anayelishwa na jua hahitaji kununuliwa chakula kila siku kama samaki wa bwawani, na familia ya mvuvi ingeweza kumtunza kwa gharama ndogo. CITES, mkataba wa kimataifa kuhusu biashara ya wanyama na mimea ya porini iliyo hatarini, ambao tangu miaka ya 1980 unawahusu chaza wakubwa wote, unadhibiti biashara ya kimataifa kwa vibali bila kuifuta, hivyo wanaozalishwa matangini wanaweza kupata soko halali la matangi ya mapambo. Mfano nao upo: huko Bolinao, wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Ufilipino wamewazalisha na kuwarudisha baharini kwa miongo kadhaa, pamoja na Tridacna gigas aliyekuwa karibu kutoweka katika maji ya nchi hiyo.

Hata hivyo, namna chaza anavyozaa ndiyo inayonifanya nisite. Huanza utu uzima akiwa dume, na baada ya miaka kadhaa huwa huntha, yaani mwenye jinsia zote mbili, akitoa mbegu za kiume kwanza na mayai baadaye. Anayevuna wakubwa, basi, anaondoa hasa wale wanaotaga. Tena chaza aliyeshikamana na mwamba hawezi kumfuata mwenzake. Mbegu na mayai hukutana majini, na kemikali zinazotoka pamoja na mayai huwachochea majirani nao watoe zao. Wachache waliotawanyika mbalimbali wanaweza kuishi miaka mingi bila kuacha kizazi. Kwa hesabu hiyo kitotoleo kinasaidia, kwa kuwa kinarudisha wingi, lakini vifaranga vyake huliwa na konokono na samaki, na lazima vikae vizimbani hadi kombe zao zikomae, huku kila kizimba kikisafishwa mara kwa mara. Kazi hiyo ina gharama ambayo watetezi huitaja kwa haraka mno.

Kisha kuna maji. Mto Nairobi huingia Athi, nao Athi hubadilika jina kuwa Galana, halafu Sabaki, hadi kumwaga baharini kaskazini ya Malindi. Mvua kubwa zikinyesha, udongo wa mashamba ya bara hufika huko na kuyatia maji wekundu, na tope hilo linauzuia mwanga ule ule unaomlisha chaza. Joto ni tatizo jingine: mwaka 1998 matumbawe mengi ya pwani yetu yalipauka, yaani yalipoteza mwani unaoishi ndani yake, na kufa, na chaza nao hupoteza mwani wao kwa namna hiyo hiyo. Hakuna kitotoleo kinachotibu mojawapo ya mambo hayo mawili.

Ulinzi peke yake nao si bure. Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu zimekuwepo tangu 1968, na kila eneo linalofungwa linamwondolea mtu fulani riziki, mara nyingi mchokoaji asiye na mtumbwi. Kuruwitu, katika Kaunti ya Kilifi, jamii yenyewe ndiyo iliyoamua kutenga sehemu ya bahari yake, na uamuzi wa namna hiyo naupendelea kuliko amri inayotoka huku kwetu Nairobi.

Kwa maoni yangu, ulinzi wa makazi utangulie na ufugaji ufuate. Vifaranga vipelekwe mahali ambapo wavuvi wameshakubaliana kutovuna na maji bado yanapitisha mwanga, vipandwe kwa makundi yaliyokaribiana ili baadaye viweze kuzaliana, na bajeti ya kuvitunza vizimbani ipangwe kwa miaka, pamoja na fungu la kuzuia mmomonyoko wa udongo katika bonde la Athi.