Ukifika Gargano usiishie kwa Padre Pio

Nikiona ratiba za hija za Italia wanazotangaziwa watu wetu huwa roho inaniuma, Roma, Assisi, halafu basi linashuka kusini mpaka San Giovanni Rotondo, misa, kaburi la Padre Pio, yule mtawa Mkapuchini, duka la rozari, haya jamani tupandeni tunachelewa. Wanageuza gari palepale ambapo rasi ya Gargano ndo kwanza inaanza kunoga! Gargano ni ile sehemu inayochomoza kwenye bahari ya Adriatiki, ukiangalia lile buti la Italia kwenye ramani iko juu kidogo ya kisigino, mlima, msitu na fukwe vyote viko sehemu moja.

Sisemi Padre Pio apitwe, hapana. Alifika pale 1916 akakaa mpaka alipofariki 23 Septemba 1968, na 2002 Papa Yohane Paulo II akamtangaza mtakatifu. Watu wengi wanavutwa na yale madonda yaliyomtokea mwilini kama ya Yesu msalabani, ila mi kinachonigusa zaidi ni hospitali aliyoianzisha, Casa Sollievo della Sofferenza, ilifunguliwa 1956 kwa michango ya waamini na mpaka leo inatibu watu. Ukiwa pale simama hata dakika tano uiangalie, iko hapohapo jirani na kanisa.

Lakini sasa Monte Sant'Angelo! Ni mwendo usiofika hata saa nzima kwa gari kutoka kwa Padre Pio, mji uko juu kama mita 800 kutoka usawa wa bahari, na ndani yake kuna pango la Malaika Mkuu Mikaeli ambalo watu wanahiji tangu karne ya 5. Unaingilia juu halafu unashuka ngazi 86, ngazi za mawe, baridi inakupanda kadiri unavyoshuka (beba sweta hata kama nje jua linawaka), chini unakutana na milango ya shaba iliyotengenezwa Constantinople mwaka 1076, ukiipita hiyo uko ndani ya mwamba wenyewe, dari ni jiwe tupu. Kwa mapokeo ni kanisa ambalo halijawahi kutabarukiwa na askofu, malaika mwenyewe alisema ameshaliweka wakfu. Na kwenye mawe utaona michoro ya viganja na nyayo, mahujaji wa zamani walikuwa wanachora mkono wao kuonyesha nimefika. Wanasema Mtakatifu Fransisko alipofika 1216 aliishia mlangoni, akajiona hastahili kuingia. Sisi ambao parokia nyingi tunasali ile sala ya Mikaeli baada ya misa tunawezaje kufika karibu hivyo halafu tukarudi bila kuingia??

Ukitoka nunua ostie ripiene, lozi na asali katikati ya vipande viwili vyembamba kama hostia, tamu sana.

Halafu bahari. Najua kuna watakaosema hija sio pikiniki, ila mahujaji wa zamani wengi walikuwa wakitoka pangoni wanashukia bandari za Puglia, mkoa wenyewe wa Gargano, wapande meli kwenda Yerusalemu, kwa hiyo bahari ilikuwa sehemu ya safari yenyewe. Shuka Mattinata uone Baia delle Zagare, majabali meupe yamesimama majini, endelea mpaka Vieste kwenye Pizzomunno, jiwe moja refu jeupe kama mita 25 limesimama pekee yake ufukweni. Kati ya Vieste na Peschici kuna trabucchi, majukwaa ya mbao ya wavuvi yamekitwa kwenye mwamba, miti mirefu imenyooshwa juu ya maji inashikilia wavu mkubwa, samaki wakipita wavu unavutwa juu kwa kamba. Mi naweza kukaa hapo naangalia tu mpaka jioni.

Kitu kingine ambacho ratiba hazisemi kabisa, ukitoka mji wa Foggia kupanda mlima wa Gargano unapita tambarare ya mashamba ya nyanya, na wanaozivuna wengi ni vijana wa Kiafrika wanaolala kwenye vibanda vya mabati na maturubai. Agosti 2018 vibarua 16 walikufa kwenye ajali mbili za barabarani zilizopishana siku mbili tu, walikuwa wanatoka shambani. Basi zima la mahujaji Waafrika linapita hapo bila hata Salamu Maria moja kwa ajili yao, hilo kwa kweli silielewi. Viongozi wa hija, waambieni watu wanapita wapi.

Kuhusu muda, Agosti achaneni nayo, Waitaliano wenyewe wanajaa fukweni na bei zinapaa. Nendeni mwisho wa Septemba, tarehe 23 ni sikukuu ya Padre Pio, 29 ni ya Mikaeli, katikati hapo mnalala Vieste au Mattinata, maji bado yana joto na fukwe zimeshapungua watu.