C ya tairi siyo C ya mtihani

Jamani mimi ni mwalimu, nimesahihisha mitihani miaka kumi na tisa, herufi C naijua kuliko namba yangu ya siri ya simu. Hilo mlishike kwanza.

Mwaka juzi nilinunua karavani, kile kinyumba cha tela kinachokokotwa na gari, kwa mzungu mmoja aliyemaliza mkataba wake hapa Mbeya anarudi kwao. Ndani kuna kitanda, sinki, jiko la gesi, mpaka vipazia. Mama Neema alivyokiona aliuliza kitu kimoja tu, "na hela ya bati za jikoni ipo?" Nikamwambia Desemba tunaenda Matema, kule Kyela, tunalala pembeni ya ziwa bila kulipa gesti hata mia. Akanyamaza. Ukimya wa mama Neema ni wa kuogopwa ila mimi nilishalipa.

Tairi zake zilikuwa na kashata (yale meno ya tairi) nzima, ukiziona unasema zimetoka dukani jana. Fundi wangu wa Mwanjelwa akainama, akapangusa tope ubavuni, akanionyesha tarakimu nne, 2309. Anasema hiyo ni wiki ya 23 ya mwaka 2009, "mwalimu, hii ingekuwa mwanao ungeshamuoza". Halafu ubavu wote umechanikachanika kama visigino vya mtu wakati wa kipupwe. Kumbe tairi za tela zinakufa kwa uzee hata kashata hazijaisha, maana tela lenyewe linakaa uani linapigwa jua mwaka mzima halafu linatembea siku mbili.

Haya, tununue zingine. Za zamani zimeandikwa 165R13C 8PR. Fundi akasema nipe siku mbili nikutafutie zinazofanana na hizo hizo, mimi nina haraka, nikaenda mwenyewe kwa jamaa wa tairi za mtumba. Akanitolea 175/70R13, zinang'aa, bei kama ya bure. Hapo ndipo ualimu uliponiponza. 175 na 165 ipi kubwa? Halafu ile ya zamani ina C. Mtoto akileta C nyumbani tunakaa kikao, leo nikanunue tairi yenye C kwa hela yangu? Nikabeba mbili, nikajaziwa upepo 30 kama wa kagari kadogo, nikaondoka napiga mluzi.

Jumamosi tukatoka, Prado ya shemeji mbele, karavani nyuma. Ndani tumepakia mchele kilo 50 (mchele wa Kyela, tunaupeleka Kyela, msiniulize), kreti tatu za soda, ndoo za maji, magodoro, na kinu na mchi wake kwa sababu mama Neema alisema hawezi kwenda kwa watu bila kinu. Tulivyopita Igawilo tukaanza kupandisha, tela likaanza kutikisa kiuno. Shemeji anaangalia kioo, ananiangalia mimi, anaangalia kioo. "Shemeji, mbona nyumba yako inacheza ngoma?" Nikamwambia ni upepo wa milimani.

Karibu na Isyonje nikasikia PAA! nikajua transfoma. Nikaona kipande cha mpira kinaruka kwenda kwenye shamba la viazi la watu, na karavani limelala upande kama mlevi aliyekosa ukuta.

Ukungu, baridi, manyunyu. Akasimama mzee mmoja dereva wa lori, akazunguka mara mbili, akachuchumaa kwenye tairi lililobaki.

"Kijana wangu, hii 82 hapa umeiona?"

"Nimeiona mzee. Hiyo si ndo A?"

Alinitazama muda mrefu sana. Akasema hiyo siyo maksi, ni namba ya mzigo, 82 maana yake tairi moja inabeba kilo 475. Mbili ni 950. Akanipeleka mlangoni kwenye kibati, uzito wa mwisho wa karavani ni kilo 1,300. Tairi langu la zamani lilikuwa 94, kilo 670 kila moja, mbili zinatosha na chenji inabaki. Na ile C niliyoidharau ndiyo inayosema tairi hili ni la kazi, la kubeba mzigo, ubavu wake mgumu, linataka upepo mpaka 65. Haya yangu ni ya kagari ka kwendea kanisani, ubavu laini, ndo maana tela lilikuwa linakata viuno. "Na hicho kinu je?" akauliza. Sikujibu.

Spea nayo ni 2309, pacha wa wale marehemu. Tukainua karavani kwa jeki, tukaegesha kwenye mawe, tukavua ringi zote mbili, mimi na shemeji tukarudi Mwanjelwa, mama Neema na watoto wakabaki. Fundi hakusema kitu, alicheka tu mpaka akakaa chini. Kumbe saizi ile inavaliwa na Townace za mizigo, alizipata kwa saa moja na nusu.

Tunarudi saa tisa, nikaona foleni. Kinamama kama ishirini, watoto mgongoni, wengine wana kadi za kliniki mkononi. Tela jeupe, vipazia, mlango wa pembeni, nani angefikiria kingine? Wamekuja kwenye chanjo. Mama Neema aliwaeleza mpaka akachoka, mwisho akawasha jiko la gesi akaanza kuwapa chai ya tangawizi, watu wakaleta viazi akachemsha, baridi ile ya Isyonje unaijua, mpaka nafika ana elfu ishirini na tatu kwenye upindo wa kanga.

Bibi mmoja akaniona nashuka na shati jeupe, akanisogezea mjukuu. "Daktari, huyu anakohoa."

"Bibi, mimi mwalimu."

"Ndaga," ndiyo asante ya Kinyakyusa hiyo. "Lakini anakohoa."

Tulilala pale pale. Asubuhi tairi zimeshafungwa, upepo 65, nikainama kutoa mawe tuendelee na safari ya Matema, nikasikia sauti dirishani.

"Baba Neema, hayo mawe yaache kwanza. Kuna watu saba hawajapata chai."